Ombi ambalo halitaunganishwa

Badilisha mstari mmoja kwenye mradi wa siku nyingi na GitHub, tovuti ya kutunza na kupitia msimbo wa programu, itakuandalia kila kitu: mstari wa zamani kwa rangi nyekundu, mpya kwa kijani, na kando yake nafasi ya mwenzako kuandika "hapa sikuelewi." Sasa mwombe mwenzako huyohuyo asome mradi mzima, mpya kabisa, ambao haujawahi kuonwa na jicho jingine. Unafungua ombi la kuunganisha (pull request), unachagua main, yaani tawi kuu la msimbo, upande huu na main upande ule kwa sababu huna tawi jingine, na jibu ni kwamba hakuna cha kulinganisha. Maelfu ya mistari yamekaa pale, chombo kinakwambia hakuna kitu.

Watu kadhaa wameniuliza tulivyolitatua hilo, basi naandika hapa ili nisirudie kueleza kwa sauti za WhatsApp. Na kwa wale ambao huniuliza kila mara: ndiyo, mimi ni Mganda, na ndiyo, Kiswahili ndicho nilichoanza nacho. Baba alikuwa mwanajeshi, nikakulia kambini, na kambini watoto wa Kiacholi, wa Kilugbara na wa Kiganda tulitukanana na kupatana kwa Kiswahili.

Mradi wenyewe ni mfumo wa chama cha akiba na mikopo cha wauzaji wa sokoni Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Michango, mikopo, marejesho, malipo ya simu. Tumeuandika wawili, mimi nikiwa Bukoto hapa Kampala, na mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, akiwa kulekule Arua. Kila kitu tulikisukuma (push) kwenye main moja kwa moja na sioni ubaya wake. Mkiwa wawili, na hakuna mteja hata mmoja anayeutumia mfumo, matawi ni urembo tu.

Siku ya kuuonyesha, wajumbe wa kamati walifurahia skrini, wakajadili rangi, wakataka nembo ikuzwe. Mhazini hakusema kitu mpaka mwisho. Ni mama anayeuza vitenge, na kwenye daftari lake la hesabu kila ukurasa una sahihi mbili: ya aliyeandika na ya aliyesoma. Akasema, "Wanangu, nyinyi mmeandika. Nani amesoma?"

Swali la haki kabisa. Tukamtafuta Afande.

Afande si jina lake, ila ndivyo anavyoitwa na kila mtu. Alikuwa fundi wa mawasiliano jeshini, akastaafu, na wakati wenzake wananunua ng'ombe yeye akajifunza kuandika programu. Anaishi Bombo na anasoma msimbo wa watu kwa malipo, nusu kabla ya kuanza. Masharti yake ni machache ila hayajadiliwi. Hataki faili la zipu. Hataki kuelezwa mfumo unafanya nini: "Binti yangu, ukinieleza nitasoma maelezo yako badala ya msimbo." Na anataka kila mstari aweze kuubandikia neno, neno hilo libaki pale pamoja na jibu lake, ili mwezi ujao asiwepo mtu wa kusema hakuambiwa. Kwa maneno mengine, anataka ombi la kuunganisha. Ndipo tulipokwama.

Inafaa kuelewa kwanza kwa nini chombo kinagoma. Ombi la kuunganisha halilinganishi matawi mawili kama yalivyo leo. Hutafuta komiti (commit, yaani hatua ya mradi iliyohifadhiwa) ya karibuni zaidi ambayo matawi yote mawili yametokana nayo, babu yao tuseme, kisha huonyesha yaliyoongezeka tangu kwa babu huyo mpaka kwenye ncha ya tawi lako. Kwa hiyo ukitaka mradi wote uonekane kama nyongeza, unahitaji tawi lisilo na faili lolote, ambalo pia ni la ukoo mmoja na msimbo wako. Ushauri mwingi unaozunguka mitandaoni unatimiza sharti la kwanza na kusahau la pili.

Njia rahisi, na ndiyo aliyoianza mdogo wangu, ni kuitafuta komiti ya kwanza kabisa na kuotesha tawi hapo:

git rev-list --max-parents=0 main

Amri hiyo inakupa namba ya komiti ya mwanzo. Ukiifanya kuwa tawi la kulinganisha, ombi linafunguka bila ubishi. Kasoro ni kwamba chochote kilichokuwemo ndani ya komiti hiyo hakionyeshwi, maana kilikuwepo tangu kwa babu. Na komiti ya kwanza ya mradi kwa kawaida ndiyo nene kuliko zote. Yetu ilibeba majedwali ya hifadhidata, mipangilio ya seva na nusu ya hesabu za riba. Ukimpa mkaguzi ombi la namna hiyo atasoma kuta na paa. Msingi hatauona, wala hatajua kwamba hajauona.

Basi tawi liwe tupu kweli:

git switch --orphan tupu
git commit --allow-empty -m "Tawi tupu la mapitio"
git push origin tupu

Tawi yatima ni tawi lisilo na historia. Amri ya switch ilikuja mwaka 2019 na toleo la 2.23 la Git, programu yenyewe inayotunza historia ya msimbo. Mwenye Git ya zamani zaidi atumie git checkout --orphan tupu halafu git rm -rf . kabla ya kuandika komiti. Angalia jambo moja hapo. Faili ambazo Git haizifuatilii, kama lile la nywila za seva, hubaki kwenye folda yako hata baada ya mengine yote kutoweka. Ukiandika git add . kwa mazoea tu, umezipandisha.

Ukijaribu kufungua ombi sasa, GitHub inakataa tena, safari hii kwa hoja nyingine: matawi haya mawili yana historia tofauti kabisa. Hayana babu. Wengi hukatia tamaa hapa na kurudi kwenye zipu. Kinachotakiwa ni kuwapa babu:

git switch -c mapitio main
git merge --allow-unrelated-histories -m "Unganisha tawi tupu" tupu
git push origin mapitio

Tunaotesha tawi jipya kutoka main, tunaliita mapitio, kisha tunalimeza lile tupu ndani yake. Kwa kuwa tawi tupu halina faili, hakuna kinachogongana na hakuna kinachobadilika kwenye msimbo. Kilichobadilika ni ukoo: sasa mapitio ina wazazi wa pande mbili, na komiti ile tupu ni mmoja wa mababu zake. Hiyo bendera ndefu, --allow-unrelated-histories, ni ya lazima kwa sababu tangu toleo la 2.9 la mwaka 2016 Git hukataa kuunganisha historia zisizojuana mpaka uitamke mwenyewe. Fungua ombi, tupu iwe upande wa kupokea, mapitio upande wa kutoa. Mradi wote unatokea, kila mstari kijani.

Mwelekeo ni muhimu. Ukisimama kwenye tupu ukaunganisha main, tupu imejaa na umerudi mwanzo.

Ipo njia ya mkato, ya kuotesha tawi kutoka tupu na kuchukua faili zote kwa git checkout main -- . kisha kuandika komiti moja kubwa. Inafaa kama mkaguzi atasoma mara moja na kuondoka. Lakini tawi la namna hiyo halina uhusiano na main, na sisi tulitaka marekebisho yafanyike main, halafu tuyavute kuja mapitio kwa git merge main, ili Afande aone mstari wake umebadilika palepale alipolalamika. Kwa hilo njia ndefu inalipa.

Na ombi lenyewe halitaunganishwa kamwe. Tuliliandikia kichwa cha herufi kubwa, USIUNGANISHE, kwa sababu kile kitufe cha kijani huwa kinamwita mtu. Kazi yake ni kubeba maoni. Likiisha, linafungwa, tawi tupu linafutwa, maoni yanabaki.

Kabla ya kumpa Afande kiungo tulipunguza mzigo. GitHub ina kikomo cha kinachoonyeshwa kwenye tofauti moja: faili 300 na mistari 20,000. Mradi wetu haukufika popote karibu na hapo kwa msimbo tulioandika wenyewe, ila maktaba za watu tulizonakili ndani ya folda zingetuvusha bila shida. Hizo tulizitaja kwenye .gitattributes:

static/vendor/** linguist-generated=true

Faili zenye alama hiyo hukunjwa kwenye ukurasa wa ombi, anayetaka atazifungua. Mkaguzi akianza kwa kuviringisha skrini kupitia msimbo usio wako, akifika kwenye wako macho yamekwisha choka.

Afande alitaka pia sehemu ya fedha kwenye karatasi. Mwanzoni niliona ni uzee. Lakini mwaka 1976 Michael Fagan wa IBM alipochapisha utaratibu wake wa ukaguzi wa msimbo, utaratibu ambao mapitio yetu ya leo ni wajukuu zake, watu walikaa mezani na karatasi mikononi, kila mmoja na wajibu wake, na kasi ya kusoma ilipangwa. Kwa karatasi huhitaji tawi wala ombi. Git ina namba ya kudumu ya folda isiyo na kitu:

git diff 4b825dc642cb6eb9a060e54bf8d69288fbee4904 main -- fedha/ > fedha.txt

Namba hiyo haikutungwa na mtu. Ni alama ya vidole ya utupu wenyewe, iliyokokotolewa kwa kanuni ya hesabu iitwayo SHA-1, kwa hiyo ni ileile kwenye ripo (hifadhi ya mradi) yangu, yako, na ya Mjapani yeyote. Nikapeleka faili Nasser Road, mahali ambapo kadi za harusi na mabango ya wagombea huchapwa usiku na mchana, na yule kijana wa mashine akaniuliza kama huu ni mtihani wa shule.

Sasa usomaji. Ukurasa wa ombi hupanga faili kwa alfabeti, na alfabeti haijui lolote kuhusu fedha za watu. Afande aliipuuza. Alianza na majedwali ya hifadhidata, akafuata njia ya shilingi moja tangu inaingia kutoka kwenye simu ya mwanachama mpaka inatokea kwenye ripoti ya mwaka, kisha akapitia nani anaruhusiwa kuona nini. Skrini alizisoma mwisho, haraka, karibu kwa dharau. Nilipomuuliza alisema skrini mbovu mtu ataiona mwenyewe na kulalamika, lakini jedwali bovu linakaa kimya.

Maoni yake ya kwanza yalikaa kwenye safu ya kiasi cha fedha, ambayo ilikuwa namba ya nukta inayoelea. "Mara ya mwisho umeshika senti lini?" Shilingi ya Uganda hailipwi kwa senti na mtu yeyote sokoni, kiasi kinatosha kuwa namba kamili. Kompyuta ikijumlisha 0.1 na 0.2 kwa namba zinazoelea hupata 0.30000000000000004, na kwa mkopo mmoja huwezi kuona kitu, lakini jumla za mwaka zinalinganishwa na daftari la mhazini, na daftari lake halielei.

Mistari michache chini aliuliza jambo ambalo si la kompyuta kabisa. Gawio la shilingi 100,000 kwa wanachama watatu: msimbo unampa kila mmoja 33,333. Hiyo ni 99,999. "Shilingi moja imekwenda kwa nani?" Msimbo ulikuwa unaitupa bila kusema. Ni shilingi moja tu, na hata sarafu yake huioni mtaani siku hizi, ila kwenye hesabu ya pande mbili shilingi isiyo na mwenyewe inatosha kumkeshesha mtu ofisini. Anayeamua iende wapi ni chama. Mwandishi wa programu hana mamlaka hayo.

Saa zilimchukua muda. Seva yetu inahesabu kwa UTC, saa ya kimataifa, na Uganda iko saa tatu mbele. Mwanachama akiweka pesa saa saba usiku wa kuamkia tarehe 1 Julai, seva inaandika saa nne usiku, tarehe 30 Juni. Chama kinafuata mwaka wa fedha wa serikali, unaoanza 1 Julai. Kwa hiyo akiba yake imeangukia mwaka uliopita. Mdogo wangu alijibu kwenye maoni: nani huweka akiba saa saba usiku? Afande, ambaye hajawahi kuuza nyanya maishani mwake, akamjibu kwamba malori ya mboga hushushwa usiku na watu hulipana hapohapo kwa simu. Dawa ni ndogo: hifadhi kwa UTC, badilisha kwenda Africa/Kampala kabla ya kukata siku. Huku kwetu saa hazisogezwi mbele na nyuma kwa misimu, hilo angalau tumesamehewa.

Kisha majina. Fomu ililazimisha jina la ukoo. Kwa Walugbara, na kwa wengi wa West Nile, eneo lilipo Arua, ndugu wa baba na mama mmoja wanaweza wasiwe na jina hata moja linalofanana, kwa kuwa jina hutolewa kwa habari za siku aliyozaliwa mtoto. Mdogo wangu analijua hilo kuliko Afande, ila fomu tuliichukua kwenye kiolezo na kiolezo kimetungwa na watu wenye majina ya ukoo. Likaondoka. Namba ya simu nayo ilikuwa ndiyo kitambulisho cha mwanachama, na hapo Afande aliandika maoni marefu kuliko yote. Simu hushirikiwa na mume na mke. Laini ikikaa bila kutumika huuzwa kwa mtu mwingine. Namba ya kitambulisho cha taifa ina herufi na tarakimu 14 na haibadiliki, lakini si kila mtu anakuja nayo, na haifai kutapakaa kwenye kila jedwali. Pendekezo lake lilikuwa namba ya uanachama, ileile ambayo mhazini amekuwa akiiandika pembezoni mwa daftari miaka yote.

Malipo ya simu: taarifa ya malipo kutoka kwenye mtandao inaweza kuja mara mbili kwa muamala mmoja, kwa sababu mtandao usipopata jibu kwa wakati hutuma tena. Tulikuwa tunaiandika kila inapokuja. Namba ya muamala ikawa ya kipekee kwenye jedwali, basi.

Ruhusa ndizo zilizonipa jasho. Mwanachama aliyeingia kwenye akaunti yake angeweza kubadilisha namba iliyo mwishoni mwa anwani, /mikopo/41 kuwa /mikopo/42, na kuona deni la jirani. Kwenye soko ambalo watu wanakaa meza kwa meza! Uganda ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, lakini kusema kweli sikuifikiria sheria nilipoisoma ile; niliwafikiria akina mama wawili ninaowajua na ambao hawasalimiani.

Si yote aliyosema tuliyakubali. Alitaka kila kipande cha msimbo kiwe na maelezo juu yake, na mimi naona maelezo ya kila kitu huishia kusema uongo, maana msimbo hubadilishwa na maelezo huachwa. Nilimjibu hivyo, akaandika "sawa, nimeandika", kama mtu anayeweka kumbukumbu kwa ajili ya kesi. Alilalamika pia kwamba jedwali linaitwa mikopo na safu yake inaitwa balance: "Chagueni lugha moja." Hapo alikuwa na haki, ila tumechagua kutochagua. Waandishi wote wa programu ninaowajua hapa mjini huandika hivyohivyo.

Yapo mambo mawili ambayo ukurasa ule wa kijani hauwezi kukuonyesha, na nadhani ndiyo yanayopotea zaidi kwenye mapitio ya namna hii.

La kwanza ni vilivyofutwa. Ombi linaonyesha hali ya mwisho ya mradi. Faili lililoingia komiti ya tatu na kutolewa komiti ya tano halionekani kokote, lakini limo ndani ya ripo na atakayeinakili atalipata. Afande alipitia historia kando, kwa git log -p --all, akitafuta maneno kama ufunguo na nywila, na kwa amri hii akaorodhesha kila faili lililowahi kufutwa:

git log --all --diff-filter=D --name-only

Kulikuwa na ufunguo wa majaribio wa huduma ya malipo. Kuufuta kwenye historia kwa git filter-repo ni usafi tu. Lililo la lazima ni kwenda kwa mwenye huduma na kuubatilisha, kwa sababu ufunguo uliokwisha sukumwa uhesabu kuwa umeonwa. Anayekagua mradi mpya na kuishia kwenye ukurasa wa ombi amekagua nusu.

La pili ni visivyokuwepo. Kwenye mapitio ya kawaida swali ni kama badiliko hili ni sahihi. Kwenye mradi mzima swali gumu ni nini hakimo, na kisichokuwepo hakina mstari wa kubandikia maoni. Afande alikuwa akiyaandika yote kwenye mstari wa kwanza wa README, faili la maelezo ya mradi, yakawa yamerundikana pale kama viatu mlangoni. Umeme ukikatika katikati ya kuandika mkopo, nini kinatokea? Nakala ya hifadhidata inakwenda wapi, na nani amewahi kujaribu kuirejesha? Mwanachama akifariki, nani anaona salio lake? Mhazini akikosea kiasi, anakisahihisha vipi bila kufuta alichoandika? Hilo la mwisho tulilijibu kwa kuangalia daftari: kwenye daftari hakuna kufuta, kuna mstari mpya unaougeuza ule wa zamani. Tukaandika hivyohivyo kwenye msimbo.

Ndiyo maana nasema mapitio haya yafanyike kabla ya mwanachama wa kwanza kuingizwa. Kubadilisha kitambulisho kutoka namba ya simu kwenda namba ya uanachama kulikuwa kazi ya jioni. Baada ya mwaka wa data za watu, ingekuwa kazi ya kufunga ofisi.

Mradi unaofuata wa mdogo wangu ni wa mtu mwenye kinu cha mihogo, na safari hii ameuanza tofauti. Kabla ya kuandika faili lolote:

git init -b main
git commit --allow-empty -m "Mwanzo"
git branch tupu

Komiti ya kwanza haina kitu, tawi tupu limesimama juu yake, na main inaendelea mbele kutoka hapo. Babu yupo tangu siku ya kwanza. Ukitaka mtu asome kila kitu, unafungua ombi kutoka main kwenda tupu, bila yatima wala bendera ndefu.

Ombi letu la Arua limefungwa. Maoni yote yana majibu isipokuwa moja, lile la shilingi inayobaki kwenye gawio. Mhazini ameliweka kwenye ajenda ya mkutano mkuu, kati ya kusoma kumbukumbu za mkutano uliopita na mengineyo.